Je, Wajua? Kualikana Kupika ni Urithi wa Dunia

Shughuli ya jikoni iitwayo kimjang, ya Korea Kusini, iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2013. Ya Korea Kaskazini ikafuata mwaka 2015.

Majira ya baridi yakikaribia, ndugu na majirani hukusanyika kutengeneza kimchi, yaani mboga zilizochachushwa, ya kutosha msimu mzima. Kabichi za Kichina hulazwa kwenye chumvi usiku kucha. Kisha watu huvaa glavu na kupaka rojo la pilipili, vitunguu saumu na dagaa waliochachushwa, jani baada ya jani, hadi kwenye kiini. Hapo ndipo mikono mingi inapohitajika kwelikweli!

Maandalizi huanza mapema: dagaa hao huwekwa chumvi tangu majira ya kuchipua.

Kazi ya kupaka rojo ikiisha, wapishi hula nyama ya nguruwe ya kuchemsha kwa kimchi iliyotoka kuchanganywa, na kila mmoja huondoka na fungu lake.