Gmail na Yahoo ndani ya ordinatere yako: soma barua zako hata kama rezo hakuna

Wengi wetu hapa Likasi tuko na adresi ya Gmail, ao ile ya zamani inayoishia na yahoo.fr. Adresi hiyo ndiyo tuliandika kwenye CV tuliyopeleka kwa kampuni za madini, na iko kwenye dosie ya mtoto anayesoma Lubumbashi. Jibu la ndugu aliye Ubelgiji linapitia hapo hapo.

Lakini barua zenyewe haziko kwetu. Ziko kwenye mashini za Google ao za Yahoo, mbali sana. Kila unapotaka kusoma hata mstari mmoja, inafaa vitu vitatu vikutane: umeme, rezo na mega. Kimoja kikikosekana, barua ya kukuita kwa mtihani wa kazi inabaki huko, na tarehe inapita.

Kuko programu ya bure inayopunguza shida hiyo. Inaitwa Thunderbird, ya Mozilla, wale wale wanaotoa Firefox. Toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, na mpaka leo inaendelea kutengenezwa. Iko katika Kifaransa, na inatumika kwenye Windows, Mac na Linux. Kama ordinatere yako ni ya zamani, yenye Windows 7, tafuta toleo la 115, ndilo la mwisho linaloikubali.

Inasaidia nini?

Ukifungua barua kwa njia ya intaneti, kila mara unalipia ukurasa mzima: picha, vifungo, matangazo, na barua yenyewe. Ukirudi kesho kuisoma tena, unalipia tena. Thunderbird inaleta barua mara moja, inaweka nakala ndani ya ordinatere, na basi. Utaisoma mara kumi bila kutoa hata mega moja.

Kuandika vilevile. Unaweza kuandika majibu yako yote usiku wakati rezo hakuna, ukachagua "Envoyer plus tard". Yatangoja ndani ya ordinatere, na rezo ikirudi utayatuma yote kwa mara moja.

Tukumbuke pia mwisho wa 2018. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba, intaneti ilikatwa katika inchi nzima kwa siku karibu 20. Barua mpya hazikuweza kufika kwa mtu yeyote. Lakini aliyekuwa na nakala kwake aliweza kusoma za zamani: mkataba, hati ya shule, namba ya telefone ya mtu. Asiyekuwa na nakala alingoja.

Kwanza kabisa, angalia namba ya telefone

Usianze na programu, anza na konti yako. Ingia kwa Gmail ao Yahoo kwa njia ya kawaida, uende kwenye sehemu ya usalama, na uangalie ni namba gani ya telefone imeandikwa pale. Kwetu watu wanabadilisha SIM mara nyingi: leo Vodacom, kesho Airtel, kesho kutwa Orange. Google ikiona ordinatere mpya inataka kuingia, inaweza kutuma kode kwa ile namba. Kama ni namba uliyoitupa tangu zamani, mlango unafungwa na mwenyewe uko nje.

Weka namba unayotumia sasa. Kama umewasha uhakikisho wa hatua mbili, Google inakupa pia kode 10 za akiba. Ziandike kwenye karatasi, uziweke pamoja na diploma yako. Kode moja inatumika mara moja tu.

Na kama konti umeiacha muda mrefu, fanya haraka. Yahoo inaweza kufuta barua zote za sanduku ambalo mwenyewe hakuingia kwa miezi 12. Google inaweza kufuta konti yote iliyokaa miaka 2 bila kutumiwa.

Hatua zenyewe

Fungua Thunderbird. Itakuuliza vitu vitatu: jina lako, adresi yako, neno la siri. Jina andika vile unataka mkubwa wa kazi alione: jina kamili, hapana la utani. Kwa Gmail na Yahoo programu inajua yenyewe mashini za kwenda kutafuta. Kama inakuomba uziandike, ni hizi:

Gmail: kupokea, imap.gmail.com, mlango 993, kutuma, smtp.gmail.com, mlango 465.

Yahoo: kupokea, imap.mail.yahoo.com, mlango 993, kutuma, smtp.mail.yahoo.com, mlango 465.

Yote yanapita kwa njia iliyofungwa, ile wanaita SSL/TLS.

Hapa ndipo wengi wanakwama. Wanaandika neno la siri lao la kweli, bila kosa, na bado linakataliwa. Sababu ni kwamba Google, tangu 2022, ilianza kukataa programu zinazoingia kwa neno la siri peke yake. Thunderbird ya sasa inafungua dirisha dogo la Google lenyewe. Unaingia humo na kukubali programu isome barua zako. Kwenye mipango ya programu, njia hiyo inaitwa OAuth2. Ukiona imechaguliwa "Mot de passe normal", badilisha uweke OAuth2.

Programu ya zamani isiyojua OAuth2 inahitaji neno la siri la pekee, herufi 16, ambalo Google inakutengenezea baada ya kuwasha uhakikisho wa hatua mbili. Yahoo nayo inatoa la namna hiyo. Usimpe mtu, hata yule anayekusaidia ku siberi, juu linafungua sanduku lako lote.

IMAP ao POP?

Programu itakuonyesha maneno haya mawili. IMAP inaacha barua kwenye mashini ya Google ao Yahoo na kukupa nakala. POP inachukua barua na kuileta kwako, na kama haukuiambia iache nakala, inaweza kuifuta kule. Siku ordinatere inaibiwa, ao diski inaungua juu ya umeme unaoruka, barua zote zimekwenda.

Chagua IMAP. Ila ujue jambo moja: ukifuta barua ndani ya Thunderbird, inafutika na kule pia. Barua ambayo hautaki kupoteza kabisa, iwekee nakala ndani ya "Dossiers locaux". Sema nakala, hapana kuhamisha.

Mega zisiishe siku ya kwanza

Gmail inatoa nafasi ya giga 15. Ukiacha programu ilete kila kitu, forfait yako ya mwezi inaweza kwisha kabla ya jioni. Kwa hiyo, mara konti ikikubaliwa, nenda kwenye "Paramètres des comptes", sehemu ya synchronisation, na ufanye hivi:

Chagua ilete barua za siku 30 za mwisho tu. Utaongeza baadaye ukipata rezo nzuri.

Chagua sanduku la kupokea na la zilizotumwa. Kwa Gmail ondoa "Tous les messages", juu ndani yake kuko barua zile zile mara ya pili.

Iambie isilete yenyewe barua nzito. Picha moja ya diploma iliyopigwa na telefone inaweza kuwa na mega 3 ao 4.

Ondoa alama ya kutafuta barua kila dakika 10. Utabonyeza mwenyewe ukitaka.

Kama unapata intaneti kwa telefone, iambie pia Windows kwamba ni "connexion limitée". Bila hivyo, Windows inaweza kula mega kwa mambo yake kabla ya barua kuingia.

Kwa upande wa kutuma, Gmail na Yahoo hazipitishi zaidi ya mega 25 kwa barua moja. Dosie ya kuomba kazi ifanye PDF moja nyepesi, badala ya picha kumi.

Ordinatere ya watu wengi

Mambo haya yote ni kwa ordinatere yako ao ya nyumbani. Ku siberi ao kwa ordinatere ya kazini usiweke konti yako ndani ya Thunderbird, juu nakala zinabaki pale hata wewe ukienda. Nyumbani pia, kama watoto na wajomba wanaitumia, weka "mot de passe principal" ndani ya mipango ya programu. Inalinda maneno ya siri, lakini haifichi barua zilizokwisha kufika. Kwa hizo, kila mtu awe na jina lake la kuingilia kwenye Windows.

Namna ya kujua kama kazi imeisha vizuri: zima intaneti ya telefone, funga Thunderbird, fungua tena, na ubonyeze barua moja nyepesi ya wiki iliyopita. Ikifunguka yote, barua hiyo iko kwako. Isipofunguka, rudi kwenye sehemu ya synchronisation, weka alama kwenye sanduku la kupokea, washa intaneti na uiache ilete.