Mtandao Ukikatika Mpakani

Mama auzaye nguo Busia amelipia intaneti ya mwezi mzima. Siku ya tano mtandao watoweka. Kwa kuwa mpaka u hatua chache tu, simu huweza kudaka mnara wa nchi jirani na kulimaliza salio. Malaba, wilayani Tororo, ni vivyo hivyo.

Ndugu msomaji, usinyamaze. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha na fidia apatapo hasara. Kwanza izuie simu isijichagulie mtandao. Andika tarehe na saa, tunza ujumbe wa malipo, kisha uilalamikie kampuni kwa maandishi. Isipojibu, mwenye laini ya Kenya aiendee Mamlaka ya Mawasiliano, Nairobi. Mwenye ya Uganda, Tume ya Mawasiliano, Kampala, hata kama simu ilimkatikia ng'ambo.