Kiboko Analisha Ndege na Watu

Wanafunzi wenzetu, toka kwetu Kirolirwe Parke ya Virunga si mbali. Iliundwa mwaka 1925, na sehemu ya Ziwa Edouard iliyo Kongo imo ndani yake. Kule Vitshumbi mwari huwangoja wavuvi ufukoni. Juu ya nini ndege wanapapenda? Sababu moja ni kiboko. Usiku anakula majani nchi kavu. Mchana anarudi majini na kuacha mavi humo. Mavi yanarutubisha maji, vimea vidogo vinaota, samaki wanapata chakula, kisha ndege na sisi tunakula samaki.

Miaka ya 1970 viboko walikuwa karibu 30,000. Vita na wawindaji wa nyama na meno wakawamaliza; mwaka 2005 hawakufika 1,000. Basi tujue: anayenunua nyama ya kiboko anajipunguzia samaki.