Kwa Nini Mpira wa Enzi Zetu Haufungwi

Kaa kijiweni asubuhi, siku moja baada ya mechi ya Simba na Yanga, usikilize uchambuzi. Haitapita robo saa kabla mtu hajasema: "Hawa wa siku hizi wanacheza nini? Mpira ulichezwa zamani, bwana." Sasa muulize zamani ipi. Mzee wa miaka 63 atakutajia Taifa Stars ya 1980, ile iliyokwenda fainali za Afrika kule Nigeria. Baba wa miaka 40 atakwambia hajaona kitu kama Simba ya 2003, iliyowang'oa mabingwa watetezi Zamalek kwa mikwaju ya penalti mjini Cairo. Na kijana wa miaka 30, ambaye hata mvi hana, atasema kwa uchungu uleule wa kizee kwamba mpira uliishia Kombe la Dunia la Afrika Kusini, 2010.

Piga hesabu kidogo. Tafuta kila mmoja alikuwa na umri gani katika mwaka anaousifia. Wote wanaangukia sehemu moja: miaka 15 hadi 18 hivi. Yaani kila kizazi kina dhahabu yake, na kila kizazi kiliiokota kikiwa sekondari. Je, hii ni porojo ya kijiweni tu? Hapana. Imeshapimwa.

Pelé, Cruijff au Maradona?

Mwaka 2012, watafiti Steve Janssen, David Rubin na Martin Conway walichapisha utafiti ambao ungeweza kufanyika kwenye kijiwe chochote. Waliwauliza Waholanzi 619: taja wachezaji watano bora wa muda wote. Waliotajwa zaidi ni Johan Cruijff, Pelé na Diego Maradona, na hilo halimshangazi mtu. Kilichovutia ni umri wa waliojibu. Kwa kila jina, watafiti waliangalia mchezaji huyo alifika katikati ya maisha yake ya soka mwaka gani, kisha wakatazama aliyemtaja alikuwa na miaka mingapi mwaka huo. Watu wengi walikuwa wamewataja wachezaji waliokuwa kwenye kilele wakati wao wenyewe ni vijana wadogo. Umri uliojirudia kuliko yote ulikuwa miaka 17.

Fikiria uzito wa jambo hilo. Watu hawakuulizwa kuhusu maisha yao. Waliulizwa swali ambalo, kwa nadharia, lina jibu la nje: nani alikuwa bora? Lakini jibu likavutwa na tarehe zao za kuzaliwa.

Wanasaikolojia wanakiita kitu hiki kwa jina ambalo hapa nitalitafsiri "kilima cha kumbukumbu". Chukua mtu aliyevuka miaka 40, mwambie akusimulie matukio mengi ya maisha yake kadiri yanavyomjia, kisha yapange kwa umri aliokuwa nao. Utapata mchoro wenye umbo lilelile karibu kila mara. Miaka ya mwanzo kabisa ya utoto ni tupu. Miaka ya karibuni ina mengi, kwa sababu bado ni mbichi. Lakini kati ya miaka 10 na 30 kunainuka kilima: matukio mengi kuliko unavyotarajia kwa mambo yaliyopita zamani kiasi hicho.

Kilima kinajengwa na nini?

Maelezo ni zaidi ya moja, na hayapingani.

La kwanza ni upya. Ujana umejaa "mara ya kwanza": mara ya kwanza kwenda uwanjani bila mzazi, mara ya kwanza kununua jezi kwa hela yako, mara ya kwanza kupenda. Ubongo hauhifadhi kila siku kwa uzito sawa. Siku inayofanana na jana inafifia. Jambo jipya linalosisimua linapata msaada wa amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayoshughulika na hisia, ambayo huipa nguvu zaidi kazi ya jirani yake hipokampasi, mtunza kumbukumbu.

La pili ni utambulisho. Huo ndio umri ambao mtu anajibu swali la "mimi ni nani?" Mtu anaweza kurithi Uyanga au Usimba tangu anyonye, lakini ni kwenye ujana ndipo anapoubeba mwenyewe, anaubishia, anaununia. Matukio yaliyokufanya uwe wewe unayarudia kichwani kila unapojieleza, na kila ukiyarudia yanazidi kukolea.

Kuna ushahidi mzuri wa haya mawili. Mwaka 1998, Robert Schrauf na David Rubin waliwachunguza wazee waliohamia Marekani kutoka nchi zinazozungumza Kihispania, wakiwa wamehama katika umri tofauti. Kwa waliohama wakiwa watu wazima zaidi, kilima kilisogea kikafuata umri wa kuhama. Kwa hiyo siyo kwamba namba 17 ina uchawi. Maisha yakianza upya, ubongo nao unaanza kuandika kwa wino mzito.

Na mapenzi je?

Mara nyingi mtu akisimulia mechi ya zamani, dakika chache tu zinahusu mpira. Zilizobaki ni nani alikaa pembeni yake.

Mwaka 1974, Donald Dutton na Arthur Aron walifanya jaribio maarufu kwenye madaraja mawili karibu na Vancouver, Kanada. Moja ni la kamba, refu, linalotikisika juu ya bonde. Jingine ni imara. Mwanamke aliwasimamisha wanaume waliokuwa wakivuka, akawapa dodoso fupi na kuwaachia namba yake ya simu. Kati ya wanaume 18 wa daraja la kutikisika waliopokea namba, 9 walipiga. Kwenye daraja imara walipiga 2 kati ya 16. Maelezo ya watafiti: moyo ulikuwa unadunda kwa hofu, lakini akili ikaupa mdundo huo jina la mvuto.

Jaribio hili limekosolewa, na kwa haki. Idadi ya watu ni ndogo, na hawakupangiwa daraja kwa bahati nasibu. Huenda wanaume wanaochagua daraja la hatari ndio haohao wasioogopa kupiga simu. Hata hivyo linatupa dokezo kuhusu kibanda umiza wakati wa penalti: joto, watu wamebanana kwenye mabenchi, moyo unakwenda mbio, na ubavuni kwako kuna mtu unayemtamani. Sisemi ndoa za watu zimefungwa na magolikipa. Nasema msisimko wa mechi na msisimko wa mtu vinaweza kuingia kichwani kwa mlango mmoja, vikahifadhiwa kwenye kabati moja. Miaka 20 baadaye ukivuta kimoja, kingine nacho kinatoka.

Hata hiyo hamu ya zamani yenyewe imebadilishwa tafsiri. Jina lake la kitaalamu, nostaljia, lilibuniwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari huko Basel, kama jina la ugonjwa wa kutamani nyumbani. Leo utafiti wa Constantine Sedikides, Tim Wildschut na wenzao wa Chuo Kikuu cha Southampton unaonyesha picha tofauti. Masimulizi ya watu wenye hamu hiyo yamejaa watu wa karibu. Hamu huja mara nyingi mtu akiwa mpweke, na ikishakuja humwacha akijiona ana wenzake. Mzee anaposifia 1980, huenda hasemi tu kuhusu mpira. Anawaita marafiki zake, na baadhi yao hawapo tena.

Wimbo unaorithiwa

Muziki nao una kilima chake, na kina ajabu ya ziada. Mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick waliwasikilizisha vijana wa miaka 20 hivi nyimbo zilizovuma katika miongo tofauti. Vijana waliguswa na nyimbo za wakati wao, kama ilivyotarajiwa. Lakini kulikuwa na vilima vingine: nyimbo za ujana wa wazazi wao, na hata za miaka ya 60, ambazo pengine zilipitia kwa mababu. Zilipendwa za baba, zilizopigwa sebuleni wewe ukiwa mtoto, zinakuwa zako pia.

Mfano tunao. Kijana aliyekuwa sekondari mwaka 2010 akisikia "Waka Waka" ya Shakira, anarudishwa moja kwa moja kwenye vuvuzela na lile Kombe la Dunia. Lakini kiitikio chake kilitoka kwenye "Zangaléwa", wimbo wa kundi la Golden Sounds la Kameruni wa mwaka 1986. Mjomba aliyeucheza wakati ule anausikia wimbo huohuo na kwenda mwaka mwingine kabisa. Sebule moja, spika moja, vilima viwili.

Ndiyo maana unaweza kukuta mtu aliyezaliwa miaka ya 90 akiikumbuka kwa uchungu Taifa Stars ya 1980. Hajawahi kuiona. Amerithi.

Je, wanakumbuka kweli?

Hapa ndipo pagumu. Carolyn Breslin na Martin Safer waliwauliza mashabiki wa besiboli wa Marekani kuhusu mechi mbili za kuamua ubingwa kati ya Yankees na Red Sox. Ya 2003 walishinda Yankees, ya 2004 wakashinda Red Sox. Kila upande ulikumbuka kwa usahihi zaidi mechi iliyoshinda. Maelezo yao ni rahisi: ushindi tunautafuna tena na tena, kipigo tunakitema. Na lugha inasaidia. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walionyesha kwamba wanafunzi hutumia zaidi neno "sisi" timu ya chuo chao inaposhinda kuliko inapofungwa. Kwetu inajulikana: tumeshinda, lakini wamefungwa.

Tena, uhakika si usahihi. Chombo cha anga Challenger kilipolipuka Januari 1986, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi siku iliyofuata walikuwa wapi walipopata habari. Miaka miwili na nusu baadaye waliwauliza tena wanafunzi 44. Robo yao walikosea kila kitu walichoulizwa, na wengi walikuwa na uhakika mkubwa wa majibu yao.

Sasa rudi kwa mzee wetu. Muulize goli la Peter Tino dhidi ya Zambia kule Ndola mwaka 1979, lililotupa tiketi ya Nigeria. Huenda akasimama akuonyeshe kwa mguu lilivyofungwa. Lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi miaka ya 90. Wengi waliipata mechi hiyo kwa sauti ya mtangazaji wa redio, na picha wakaichora wenyewe kichwani. Hasemi uongo. Ndivyo kumbukumbu inavyofanya kazi: kila ikitolewa inajengwa upya, kwa vipande vilivyopo na gundi ya kuongezea.

Hii inatuhusu nini?

Kwanza, kilima chako si mizani ya kupimia wachezaji wa leo. Ukitaka kujua kama mpira umeshuka, tumia matokeo. Taifa Stars ile ya 1980 ilitoka fainali na sare moja na vipigo viwili, kisha tukasubiri miaka 39 kurudi, tulipowafunga Uganda 3-0 jijini Dar es Salaam mwaka 2019. Kijana anayezomewa leo kwa sababu si kama wa zamani anashindanishwa na mtu ambaye hawezi kukosa goli tena.

Pili, kilima hujengwa na kile ulichoonyeshwa. Twiga Stars ilicheza fainali za Afrika kwa wanawake mwaka 2010, lakini hebu uliza kijiweni nani anaikumbuka. Ilirudi kwenye fainali hizo nchini Morocco, Julai 2025. Binti aliyekuwa na miaka 17 mwaka huo atazeeka na mashujaa hao, kama tu tuliwasha televisheni.

Tatu, na hili lina haraka: aliyekuwa na miaka 17 mwaka 1980 sasa amevuka 60. Mechi nyingi za wakati ule hazina video, kwa hiyo kumbukumbu zao ndizo karibu nyaraka zote tulizonazo. Warekodi kwa simu. Usiwatajie matokeo kwanza, maana ukiwatajia utawapandikizia majibu. Wahoji mmoja mmoja kabla hawajakaa pamoja, kisha linganisha. Na usiishie kwenye magoli. Uliza redio ilikuwa ya nani, walikaa wapi, wimbo gani ulipigwa baada ya filimbi ya mwisho. Kwenye idadi ya magoli wanaweza kukosea, na gazeti la zamani litawasahihisha. Redio ilikuwa ya nani, hakuna gazeti lililoandika.