Mavazi ya Pwani (Sehemu ya Nne): Mgeni Huvishwa na Mwenyeji

Msimu wa meli za watalii unapoanza Kilindini, mjadala wa kila mwaka huanza nao. Picha huzunguka kwenye simu: mtalii anapita Ndia Kuu kwa kaptura inayoishia mapajani, mwenzake mabega wazi, na nyuma yao mlango wa msikiti na viatu vya waumini vimepangwa. Redio za hapa Mombasa hufungua simu, na wapigaji hugawanyika makundi mawili. Kundi moja lataka askari wa kaunti watoze faini, kama ilivyowahi kutangazwa Zanzibar dhidi ya watalii wanaotembea nusu uchi mitaani. Kundi la pili lasema biashara ni mbovu, mgeni na asiguswe. Wasomaji wa makala haya wamenitaka nichague upande. Sichagui hata mmoja, kwa sababu Pwani hii ina desturi yake iliyokuwako kabla ya askari wa kaunti na kabla ya dola.

Sitarudia niliyokwisha kueleza katika sehemu zilizopita kuhusu marikani, kaniki na ukaya. Leo naanza na msafiri ambaye sipitwi na nafasi ya kumtaja, na namshukuru mhariri kwa uvumilivu wake: Ibn Battuta, mwana wa Tanja, Moroko, aliyeteremka pwani hii mwaka 1331.

Meli yake ilitia nanga kwanza Mogadishu. Kadhi wa mji akampokea, akampeleka kwa sultani kumjulisha, kisha akalazwa katika nyumba ya wanafunzi wa dini, akawa analetewa chakula kwa siku tatu. Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Kabla ya swala, kadhi na wanafunzi wakamjia pamoja na waziri mmoja wa sultani, wamebeba nguo: futa ya hariri ya kujifunga kiunoni, maana suruali hazikuwa desturi yao, kanzu ya kitani cha Misri yenye tarizi, joho la kitambaa cha Jerusalem lenye bitana, na kilemba cha Misri. Wenzake nao wakapewa nguo zinazowafaa. Wakavaa, wakaenda msikitini.

Hebu litazameni jambo hilo kwa makini. Huyu alikuwa Mwislamu, tena mwanachuoni, hajaja kwa kaptura. Hata hivyo wenyeji hawakumwacha aingie msikiti wao kwa nguo za safari alizotoka nazo baharini. Wala hakuna aliyesimama mlangoni kumkemea. Walimtangulia kwa adabu: walimletea nguo mpaka chumbani, akavaa, wakafuatana naye. Mgeni alipoingia msikitini alikuwa amefanana na wenyeji, na asiyejua angedhani amezaliwa hapo.

Kutoka Mogadishu alisafiri mpaka Mombasa, akalala usiku mmoja tu. Usiku huo mmoja ulitosha kutuachia picha ya misikiti yetu ya zama hizo. Anasema ilijengwa kwa mbao na ufundi mkubwa, na watu wake ni wa madhehebu ya Shafi, wacha Mungu na wenye staha. Penye kila mlango wa msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili. Maji yalitekwa kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba cha kushikia. Uwanja wa kisima na msikiti ulikuwa tambarare. Mwenye kutaka kuingia aliosha miguu yake kwanza, na mlangoni palikuwa na kipande cha mkeka mzito cha kujifutia, maana watu wote wa mji walikwenda pekupeku.

Mimi nikisoma habari hiyo huwa siipiti haraka. Sharti la kuingia lilikuwa miguu safi. Na waliolitia sharti hilo wakaweka maji, kata na mkeka papo hapo. Hawakumwuliza mtu mbona una vumbi, wala hawakumrudisha nyumbani kwake akaoge. Desturi hiyo haijafa. Nenda leo Msikiti wa Mandhry katika Mji wa Kale, ambao husemwa ulijengwa yapata mwaka 1570, utakiona kisima chake ng'ambo ya njia. Birika na madumu ya maji utayaona katika misikiti mingi. Kwa miguu, basi, tumebaki wakarimu. Kwa mabega na magoti ndipo tulipogeuka kuwa mahakimu.

Na vitambaa havijapata kutupungukia. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliwasifu watu wa Mombasa, waume kwa wake, kwa kuvaa hariri na dhahabu kwa wingi. Kisha mwishoni mwa karne ya 19 ikaja leso, na hapa sina budi kusimama kidogo.

Wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi vilivyouzwa vikiwa havijakatwa, wakaviunga kwa sindano, wakapata nguo moja pana. Wafanyabiashara wakaiona akili hiyo, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima: pindo pande zote nne, mji katikati, na baadaye jina, yaani maandishi, chini ya mji. Katika Biashara Street duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, limeifanya alama ya Mali ya Abdulla ijulikane Afrika Mashariki nzima. Pita mtaa huo hata leo, utawaona mafundi barazani na cherehani zao za kukanyaga. Leso huuzwa doti, vipande viwili vimeshikana. Fundi huvitenganisha kwa mkasi mmoja mrefu, akapinda ncha kwa kidole gumba, akaipitisha chini ya sindano bila kuitazama huku akiendelea kuzungumza na jirani yake.

Ninapolisifu vazi hili nalisifu pia kwa kazi yake. Kipande kimoja kinafungwa kiunoni juu ya kaptura, ncha ya kulia inapita mbele na kuchomekwa kushoto, na nguo inashuka mpaka kifundo cha mguu. Cha pili kinatupwa kichwani, kinafunika nywele, mabega na mikono mpaka chini ya kiwiko. Doti moja, na mtu amesitirika kuanzia utosini. Haihitaji kipimo, wala fundi, wala chumba cha kubadilishia nguo. Mwanamume naye ana kikoi. Sijui vazi jingine lolote duniani linalomstahi mgeni namna hii pasi na kumwambia avue chochote.

Ila nitie angalizo moja. Asomewe kwanza jina. Nimepata kumwona bibi wa Kizungu akipita Mji wa Kale kwa madaha, kafungwa leso ya kumsuta mke mwenza, na akina mama barazani wamejiziba midomo. Aliyemfunga alijua alifanyalo. Huo si ukarimu.

Sasa lipo jambo ambalo wapenda historia wenzangu hulikwepa, nami sitalikwepa. Kujisitiri hapa hakukuwa haki ya kila mtu. Waungwana wa kike wa Lamu na Mombasa walitoka nje ndani ya shiraa, pazia zima lililoinuliwa kwa miti na vijakazi waliotembea pembeni. Wale vijakazi walioshika miti hawakuruhusiwa kujifunika kama bibi zao. Kichwa wazi kilikuwa alama ya utumwa. Ndiyo maana utumwa ulipofutwa katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907, na buibui lilipoenea miaka iliyofuata, wanawake wengi wa asili ya utumwa walilivaa kwa hamu. Lilikuwa vazi la dini, na lilikuwa pia hati ya uungwana iliyotembea barabarani, na hakuna tena wa kuwapokonya.

Kwa hiyo tunapolitaja neno heshima, tukumbuke kwamba babu zetu waliijua njia ya kumpa mtu nguo na waliijua pia njia ya kumnyima. Ya kwanza ndiyo ya kurithiwa. Novemba 2014 tuliona ya pili imefufuka, wanawake walipovuliwa nguo hadharani Nairobi na makundi ya wanaume waliodai wanatetea maadili, mpaka watu wakaandamana barabarani. Maadili gani hayo yanayoanza kwa kumvua mtu nguo? Anayedai askari wa mavazi Ndia Kuu na atafakari mlango anaoufungua, na nani atakayeingia kwa mlango huo baada ya watalii kurudi melini.

Wala adabu hii si ya Waislamu pekee. Katika Nkrumah Road lipo kanisa kuu la Kianglikana, Mombasa Memorial Cathedral, lililojengwa kati ya 1903 na 1905 kwa kumbukumbu ya Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, na wenzake. Lina kuba na matao ya Kiarabu, hata mgeni wa mji akiliona kwa mbali hudhani ni msikiti. Wamisionari waliolijenga walikuwa na makosa yao, na nimeyaandika mahali pengine. Lakini walipokuja kujenga katika mji wa watu walilivisha hata jengo lao nguo ya wenyeji.

Ng'ambo ya kivuko, huko Kwale, wazee wa Kaya Kinondo hufanya vizuri kutushinda sote. Kaya hiyo ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni akifika hafukuzwi kwa sababu ya kaptura yake. Hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, akaelezwa mipaka na miiko, kisha akaingizwa msituni na mwongozaji. Msomaji atambue: ni Mogadishu ya 1331 hiyo, kwa kitambaa cha bei nafuu zaidi.

Nafasi yanibana, basi niseme kwa mkato yale ambayo mgeni wa kisiwani anapaswa kuambiwa tangu hotelini au melini. Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Mwanamke awe na mtandio mkobani. Viatu huvuliwa mlangoni katika misikiti na mahekalu. Si kila msikiti hupokea wasio Waislamu ndani, kwa hiyo aulizwe mwangalizi kwanza, na saa za swala, hasa Ijumaa adhuhuri, mgeni asubiri. Katika hekalu la Wajaini la Langoni Road, vitu vya ngozi, kama mkanda na pochi, huachwa nje. Katika gurdwara ya Masingasinga kila mtu hufunika kichwa. Anayeswali asipigwe picha. Fort Jesus haina masharti haya, na hapo ndipo mambo huharibika: mgeni hutoka ngomeni na nguo za ufukweni, akapiga hatua chache, akawa yumo katika mitaa ya misikiti bila mtu kumwambia kitu.

Kabla hatujamaliza na wageni, tujitazame wenyewe. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliielekeza kalamu yake kwa watu wa mji wake mwenyewe, akiwakaripia kwa kuiga ya Wazungu bila kuyachuja. Angekuwa hai leo angeona vijana wetu wakiingia msikitini kwa jezi za mpira, jina la mchezaji na namba yake mgongoni, na aliye safu ya nyuma asomeshwe timu za Uingereza katikati ya swala. Angeona suruali zinazoteremka kila mtu anaporukuu. Vijana hao hao huwa wa kwanza kusambaza picha ya mtalii. Kanzu imegeuzwa vazi la Ijumaa na harusi, kofia ya mkono imewekwa kabatini, kisha twamshangaa Mjerumani aliyeshuka melini asubuhi kwa kutojua tusilolionyesha.

Rai yangu ni nyepesi na haihitaji sheria. Kila kamati ya msikiti, hekalu na kanisa linalopokea wageni kisiwani iweke sanduku mlangoni: leso kadhaa na vikoi kadhaa, vilivyofuliwa, vyenye majina ya kheri. Waongozaji wa Mji wa Kale wabebe doti moja moja mikobani kama wanavyobeba maji. Wenye hoteli na mawakala wa meli wanunue leso hizo Biashara Street kwa jumla. Mafundi wa pale watafaidika, na mgeni akiipenda aliyofungwa atainunua aende nayo kwao. Kaunti, kama ina fedha za kuwalipa askari wa kutoza faini, izipeleke kwenye sabuni ya kufulia.

Na wewe msomaji unayeishi Mji wa Kale, ukimwona mgeni amesimama mlangoni pa msikiti na mabega wazi, iweke simu mfukoni. Ingia ndani, mtolee leso, mfunge, umwonyeshe pa kuweka viatu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema waliotutangulia. Na mwenyeji aliyeacha kumvisha mgeni wake hana haki ya kulalamika kwamba mgeni yu uchi.

Sehemu ya tano itahusu kofia.