Rezo ya kesho: wakati mashini zitaongea bei ya kahawa yetu



Tangu telefone ya mkono ilipofika Kongo, kazi yake kubwa ilikuwa moja: mtu aongee na mtu. Kinshasa ilikuwa kati ya miji ya kwanza ya Afrika kuipata, katika miaka ya 1980, na wakati ule ilikuwa kitu cha matajiri. Leo hata mama anayeuza muhogo sokoni anapokea makuta ku telefone yake. Sasa wainjinia wanapanga rezo ingine, ile inaitwa 6G, ni kusema kizazi cha sita. Ndani ya rezo hiyo, wengi watakaoongea hawatakuwa watu. Watakuwa mashini zilizotumwa na watu.

Mnaweza kuuliza: habari hii inatafuta nini katika gazeti la kilimo? Jibu letu ni fupi. Kanuni za rezo hiyo zinaandikwa sasa, na siku moja bei ya kahawa, ya kakao na ya mahindi yetu itapita mule ndani. Anayefika wakati chakula kimekwisha kugawanywa anakula kile kilichobaki.

MJUMBE WA AKILI BANDIA NI NINI?

Akili bandia, ile radio zetu zinaita IA, wengi wetu tumekwisha kuisikia. Unaiuliza ulizo, inakujibu. Mjumbe ni hatua ingine: haishii ku kujibu, inafanya kazi.

Tuchukue mfano. Koperative iko na kilo 2.000 za kahawa ndani ya depo. Komite inaambia mjumbe wake: «Tafuta mnunuzi, usishuke chini ya bei hii, na utafute gari la kubeba mbele ya mvua kubwa.» Mjumbe anauliza wajumbe wa wanunuzi watano, wa wenye magari wawili, na wa huduma ya hali ya hewa. Wanajibizana wenyewe kwa wenyewe, halafu anarudi na jibu moja. Jeran anasoma, komite inakubali ao inakataa.

Kazi hii imeanza katika nchi tajiri. Mwaka 2025 sosiete Google ilitoa lugha ya pamoja ya wajumbe, A2A, ili mashini ya sosiete moja isikilizane na ya ingine, halafu ikaiweka mikononi mwa Linux Foundation. Lakini lugha haitoshi. Inahitaji njia, na njia ni rezo.

TULIPOTOKA, TUNAPOKWENDA

Kila miaka kumi hivi kinakuja kizazi kipya. 2G ilianza Finland mwaka 1991, ikaleta sauti safi na ujumbe mfupi. 3G ilianza Japani mwaka 2001, na 4G huko Sweden na Norway mwaka 2009, zikaleta intaneti na video. 5G ilifunguliwa Korea ya Kusini mwaka 2019. 6G inangojewa karibu na mwaka 2030.

Mwezi wa 11 mwaka 2023, ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano, lilikubali mpango mkubwa wa kizazi hicho. Mpango unataja matumizi sita. Moja ni akili bandia pamoja na mawasiliano. Lingine ni rezo kufika kila mahali, hata pale haijafika. Tushike haya mawili: la kwanza litapata makuta ya matajiri, la pili ndilo letu.

Kwa hiyo, mtu akija kijijini kuwauzia «telefone ya 6G» leo, mfukuzeni. Haiko.

MAMBO MANNE WAINJINIA WANAPASHWA KUTENGENEZA

1. Njia ya kupanda. Rezo za leo zimepangwa kwa mtu anayepokea: anatazama video, anasikiliza wimbo. Ndiyo sababu njia ya kushuka ni pana, na ile ya kupanda ni nyembamba. Lakini mjumbe wa mlimaji anatuma zaidi kuliko anavyopokea: foto ya jani lenye ugonjwa, uzito wa gunia, unyevu wa udongo. Foto moja inaweza kuzunguka dakika nyingi ku telefone pasipo kutoka, mmeiona wenyewe. Rezo ya wajumbe inapashwa kupanua njia hiyo.

2. Kashe. Barua ya koperative pasipo kashe haina nguvu. Leo rezo inatambua SIM, haitambui mjumbe. Mashini ikisema «natumwa na koperative fulani», mnunuzi atajua namna gani kama ni kweli? Ndiyo maana wainjinia wanatafuta namna ya kumpa kila mjumbe kitambulisho chake, chenye kuonyesha mambo matatu: nani alimtuma, anaruhusiwa kufanya nini, na ruhusa inaisha lini. Tena mwenye kumtuma aweze kumnyanganya kashe mara moja. Pasipo hayo, mwizi atatengeneza mjumbe wa uongo kwa jina lenu.

3. Rezo ikikatika. Hapa sisi wa vijijini tunajua kuliko wainjinia wa mjini. Unatuma makuta, rezo inakatika, hujui kama yamefika. Unatuma tena, yanafika mara mbili. Sasa fikirini mjumbe anauza magunia 20, jibu halirudi, anauza tena yale yale kwa mwingine. Dawa yake inajulikana: kila mapatano yapewe namba yake, na mashini ya upande wa pili ikiona namba ile ile mara ya pili, isiihesabu tena. Ni kama namba ya risiti. Lakini inapashwa kuwekwa tangu mwanzo, na kwa kila mtu.

4. Akili ikae wapi? Ikiwa akili yote inakaa mbali, katika mashini kubwa za Ulaya ao Marekani, siku antene inakosa mazout sisi tunabaki bila msaada. Njia ingine iko. Programu Nuru, iliyotengenezwa na chuo kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na IITA na FAO, inatazama jani la muhogo na kutambua magonjwa kama batobato. Inaongea Kiswahili, na inafanya kazi ndani ya telefone yenyewe, pasipo rezo. Rezo ya kesho inafaa kugawanya kazi namna hiyo: ya haraka ifanyike ku telefone, ya kati karibu na antene, na ile nzito tu ndiyo iende mbali.

PALE TUNAPOWEZA KUPOTEZA

Hatari ya kwanza ni mawimbi. Wimbi la chini linakwenda mbali na linapenya miti na nyumba; wimbi la juu linabeba mengi lakini linachoka haraka. Kwa ajili ya 6G wanachunguza zaidi mawimbi ya juu, na mkutano wa nchi zote juu ya mawimbi utafanyika Shanghai, nchini China, mwaka 2027. Mawimbi ya juu peke yake yanafaa mji, ambako antene ziko karibu karibu. Kwetu yanahitajika yale ya chini, ama satelite: tangu mwaka 2022 kanuni za dunia zinaruhusu rezo ya telefone kupitia satelite pia.

Hatari ya pili ni bei. Bei ya arabika inapangwa New York, ya robusta London. Mjumbe wa mnunuzi mkubwa ataziona kila dakika, na atakumbuka kila mapatano aliyofanya na koperative zote za bonde letu. Akijua kwamba depo yenu inavuja na mna haraka ya kuuza, atashusha bei. Kwa hiyo habari za depo yenu nazo ni mali, sawa na kahawa yenyewe. Anayezichukua bure anachukua kitu.

TUFANYE NINI TANGU SASA?

Hakuna haja ya kungoja mwaka 2030. Haya yanasaidia hata kwa telefone ya batani:

• Kaye ya koperative iwe safi: jina la memba, tarehe, uzito, aina. Mjumbe hawezi kuuza kile kisichoandikwa.
• Namba ya telefone na ya makuta iandikwe kwa jina la koperative, si la jeran. Jeran akiondoka, namba isiondoke naye.
• Mkutano mkuu ndio uamue bei ya chini, na mapatano makubwa yapite kwa sahihi ya watu wawili. Kanuni hiyo hiyo itamfunga mjumbe wa kesho.
• Anayekuja kuwaandikisha ku programu yake, muulizeni: habari zetu zinakaa wapi? Nani anazisoma? Tukitoka, tunarudishiwa?
• Kongo ni memba wa ITU, na ARPTC ndiyo inasimamia mawasiliano ya nchi yetu. Shirikisho za koperative zinaweza kuiandikia: tunaomba mawimbi ya chini kwa vijiji, na huduma zinazoongea lugha zetu.

Ku mkutano wenu ujao, jadilieni ulizo hili moja: kama tungetuma mjumbe kuuza mavuno yetu kesho asubuhi, tungemkataza kufanya nini? Andikeni majibu ndani ya kaye, na sekretere aitunze. Siku mwenye programu atakapofika na karatasi yake ya kusaini, ninyi mtakuwa na yenu mezani.