Volti au ampea: kipi kinaua unapopigwa shoti?

Juni na Julai, baridi ya Dodoma huwafanya wengi wachemshe maji ya kuoga kwa hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Mtu hupima joto la maji kwa kidole huku hita ikiwa bado kwenye soketi. Kipindi hicho hicho cha ukavu, ukivua sweta husikia cheche. Cheche ile huweza kuwa na maelfu ya volti, lakini haikudhuru. Umeme wa ukutani ni volti 230 tu, nao unaua. Kwa nini?

Volti ni msukumo; ampea ni kiasi cha umeme kinachopita. Kinachoumiza mwili ni kiasi hicho, njia kinayopita na muda wake. Umeme wa cheche ni kidogo na huisha papo hapo. Wa ukutani hauishi mpaka ukatwe.

Mwili hauhitaji umeme mwingi ili udhurike. Miliampea 1, yaani sehemu moja ya elfu ya ampea, huhisiwa kama mtekenyo. Kuanzia 10 hivi, misuli ya mkono hukakamaa, mtu akashindwa kuachia waya. Zikifika 30, kupumua huwa kugumu. Kati ya 50 na 100, zikipita kifuani, moyo unaweza kutetemeka tu bila kusukuma damu. Balbu ya wati 25 hutumia zaidi ya hizo.

Ngao yetu ni ngozi. Ikiwa kavu kabisa inaweza kuzuia umeme kwa omu 100,000, zikapita miliampea 2 na ushee. Ikilowa, kizuizi hushuka hadi omu 1,000 hivi, zikapita 230. Ndiyo maana ndoo, bafu na jasho ni hatari.

Nyaya za msongo mkubwa ni habari nyingine. Za treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, hubeba volti 25,000. Hapo ngozi si ngao, na umeme unaweza kukurukia kabla hujagusa. Huunguza misuli ndani huku nje pakionekana jeraha dogo.

Mtu akinaswa, usimshike. Zima meini swichi kwanza. Ikishindikana, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu. Kwa nyaya kubwa, kaa mbali, uite TANESCO. Akiwa hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta usafiri. Usimfukie kwenye udongo wala kumnywesha maziwa. Aliyezimia, aliyeungua, mwenye mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida au mkojo mweusi afikishwe hospitali haraka, hata kama anatembea.

Nyumbani, mwombe fundi mwenye leseni ya EWURA akufungie kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampea 30, na apime waya wa ethi, kwa sababu udongo wetu ukikauka hupitisha umeme kwa shida. Na asubuhi, chomoa hita kwanza, ndipo utie kidole.